Mama na Pweza wa Krete

Kiangazi kimoja nilimtoa mama mtaani kwetu Saltley, Uingereza, nikampeleka kisiwa cha Krete, Ugiriki, akapunge upepo. Asubuhi nzima nilimzungusha kwenye ngome na makumbusho, naye kazi yake kununa: mawe hata kwetu Unguja yapo!

Mchana, bandarini, tukamkuta mwenye mkahawa anampiga pweza kwenye jiwe ili alainike. Mama akasimama.

"Unampiga au unambembeleza?" akamuuliza kwa Kiswahili. Akampokonya, akamtwanga yule pweza mpaka watalii wakashangilia. Mwenye mkahawa akacheka, akamchoma, akatupakulia na limau na mafuta ya zeituni. Mama alilamba vidole.

Tuliporudi Saltley, jirani yetu, nesi wa Kikenya, akamuuliza ameona nini Ugiriki.

"Sikuona kitu," mama akajibu. "Nilikuwa kazini."