Mayai ya Mbao ya Leonardi wa Boko

Saa kumi na mbili asubuhi, Agosti 1972, Ndugu Leonardi yuko juu ya mti wa mvinje, katika kisiwa kidogo ng'ambo ya Kunduchi, kanga ya mkewe kichwani. Anatoa mayai manne kwenye kiota cha kunguru, anaweka manne ya mbao.

Kanga ya nini? "Kunguru akishaikariri sura yako, atakudonoa hadi sokoni," anasema mchonga vinyago huyu wa Boko. "Hawa wanamjua mke wangu Filomena tu, mie hawanijui!"

Mchangani hapo chini hutaga buabua, ndege weupe wa baharini. Wakipiga mbizi, wavuvi wa Boko hujua dagaa wapo. Lakini kunguru, wageni walioletwa pwani hii kwa meli enzi za wakoloni, huyala mayai ya buabua. Mwaka huu zimebaki jozi saba tu. Ngalawa iliyokuwa ikirudi na madebe sita ya dagaa sasa inarudi na mawili, na Filomena ndiye anayekaanga na kuuza.

"Buabua wasipoangua msimu huu, narudi Newala kwa mama," aliapa.

Kwa nini asiyavunje tu mayai ya kunguru?

"Nilivunja. Wiki mbili, kataga mengine! La mbao analilalia mpaka achoke. Na asiye na watoto wa kulisha haibi sana. Kunguru hafugiki, ila anadanganyika."

Haikuwa rahisi. La kwanza alichonga la mpingo, ufundi wa kwao. Likawa zito, likatoboa kiota. Balozi wa nyumba kumi alicheka wiki nzima. Sasa anatumia mfenesi, analipaka bluu ya kufulia ya mkewe, madoa anatia kwa majani ya chai, lifanane na la kunguru.

"Shuka zangu zimekosa bluu, zimekuwa manjano kama biriani," analalamika Filomena, ambaye leo amekuja kujionea.

Anatembea taratibu mchangani, kisha anachutama ghafla. Yai moja la buabua limepasuka, na kitu kidogo chenye manyoya kinapiga mwayo.

"Jamani! Leonardi, shuka mtini!"

Wanahesabu pamoja. Vifaranga vitano. Leonardi anafuta macho kwa kanga, hajifichi.

"Mwakani nataka kuchonga mayai mia mbili," anasema, akimtazama mkewe kwa woga.

Filomena anakitazama tena kifaranga.

"Chukua bluu yote," anasema. "Shuka tutazilalia hivyo hivyo."