Ndafu Niliyemlipia kwa Simu

Naandika haya kwa sababu Kariakoo nzima wanayasimulia tayari, tena wanayakosea, kuna anayesema nilipeleka ukumbini paka wa kuchoma, na mimi nikifikiria naona bora niaibike kwa kilichotokea kweli kuliko kwa paka ambaye hakuwepo. Elimu yangu ni darasa la saba, mtanivumilia nikizunguka, ila kudanganya sitadanganya, hata pale panaponiumbua.

Mimi ni wakala wa pesa za simu, nina kimeza na mwavuli Mtaa wa Mkunguni, na kila siku ya Mungu nawaambia wateja, mama, kama unanunua kitu kwa mtu wa mtandaoni usitume kwenye namba yake binafsi, akishaitoa hiyo hela imekwenda, mwambie akupe lipa namba ya biashara, au mlipe mzigo ukifika. Nawaambia mpaka wananichoka. (Ndiyo, najua mnaona ninapoelekea. Subirini.)

Neema, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa anafanyiwa sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, na kwa kuwa baba yake hayupo, mimi baba mdogo ndiye niliyesimama. Kamati ikanikabidhi hela ya michango nilete ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma ambaye bibi harusi anawalisha wakwe zake mbele ya watu, na kwetu sisi ukiwaita wakwe halafu ndafu asiwepo ni sawa na kuwaita ili uwatukane. Mchomaji wangu wa siku zote yuko Magomeni, hana kasoro yoyote. Lakini nikaona kwenye simu ukurasa wa dada mmoja, mbuzi kapigwa picha amekaa kama mheshimiwa, nyanya mdomoni, karoti shingoni kama mkufu, nikasema Neema wetu anastahili huyu.

Nikampigia. "Shikamoo baba," sauti ya heshima hiyo, hata wanangu hawaniamkii hivyo. Nikamwomba lipa namba. "Baba yangu, lipa namba inasumbua tangu asubuhi, nitumie kwenye hii ya kawaida, na ukimaliza yote leo nakuwekea na ndizi za kuchoma bure." Kabla sijathibitisha, simu ikaniletea jina la mpokeaji, jina la kiume. Nikamuuliza. "Huyo mume wangu baba, ndiye anayeshika hela." Sasa hapo ndipo niliponaswa, maana mtu akishakwambia ni mumewe, utaanza kumhoji mke wa mtu mambo ya ndani kwake? Niliona nitamkosea adabu. Nikabonyeza. Kwa adabu zangu zote, nikabonyeza.

Siku ya sherehe, asubuhi akaniandikia mbuzi yuko motoni, mchana akaandika anapambwa, jioni tukiwa tumeshaingia ukumbini Upanga akaandika bajaji imepata pancha, na baada ya hapo hakupatikana tena. Hapo ndipo ningesema. Mwenyekiti wa kamati alikuwa meza ya pili tu. Lakini nilijiambia labda chaji imemwishia (mimi, ambaye mteja akiniambia "labda chaji imemwishia" huwa nacheka), nikatulia ndani ya suti, jasho linatiririka.

MC hana kosa, niliseme hilo, ratiba iliandikwa ndafu naye akaita ndafu. "Wakwe zetu kaeni vizuri, mnyama anaingia!" Muziki ukapigwa, akina mama wakaenda mlangoni na vigelegele, vitambaa juu, wanacheza kumpokea mgeni, na mgeni haji. Wimbo ukaisha. MC akaurudia. Mimi huyo, mlango wa nyuma, nikavuka barabara kwa muuza kuku wa kuchoma, nikachukua kuku wanne, jikoni nikawalaza kwenye sinia mmoja nyuma ya mwenzake kwa urefu, nikafunika na foili, nikazungushia kachumbari, na kusema kweli, kwa mbali, kwa mtu aliyevua miwani, alifanana.

Nikaingia naye begani, nacheza. Ukumbi ukalipuka. Neema akaja na kisu chake chenye utepe, akafunua foili mwenyewe, akaganda. Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja wa sauti, akachungulia.

"Heee! Mbuzi gani huyu ana mabawa?"

"Tena manane, mama," MC akasema kwenye maiki. (Hilo sasa ndilo kosa lake.)

Watu walicheka mpaka wakashika meza, halafu kicheko kikakatika, kwa sababu shangazi hakuwa anacheka. "Kwa hiyo sisi thamani yetu ndiyo hii? Au michango kaila baba mdogo?"

Neema aliinamisha uso. Kuitwa mjinga nimezoea, ila mwizi, tena mbele ya mtoto wa kaka yangu, hapana. Nikamnyang'anya MC maiki. Mwenyekiti akanivuta koti, "Kaa chini bwana, tutayamaliza nyumbani." Sikukaa. Nikasema, "Wakwe zangu, hakuna aliyewadharau na hakuna aliyekula. Nimetapeliwa. Mimi wakala wa Mkunguni, nimetapeliwa." Nikafungua simu, nikawasomea nilivyotuma, nikasoma na habari za moto na mapambo na bajaji, nikasoma mpaka mwisho. Jina la mpokeaji tu sikulitaja, maana huenda laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiye na habari, na mimi sitaki kumfanyia mwingine nilichofanyiwa, kuitwa mwizi bila kosa.

Halafu shangazi akasema taratibu, "Pancha. Hata kabati langu nililolipia mtandaoni lilipata pancha njiani. Mpaka leo wanaiziba." Meza yao ikaangua kicheko, na safari hii naye yumo. Akamgeukia Neema, "Haya mwanangu, mchinje huyo mbuzi wako, tuna njaa." Neema akamlisha paja la kuku, macho yana machozi na meno yako nje, na vigelegele vikapigwa.

Polisi nilikwenda, kampuni ya simu nilikwenda, walinisikiliza vizuri, ila hela ilikuwa imeshatolewa. Kamati nikairudishia kutoka mfukoni kwangu, uzembe ulikuwa wangu. Sokoni sasa wananiita Ndafu. "Ndafu, mambo?" "Poa!" Naitika, tena kwa nguvu. Nilifikiria kuufunga mwavuli, wakala aliyetapeliwa atamwonya nani? Labda walionicheka wana haki. Lakini nikaona, nikinyamaza, yule dada wa "shikamoo baba" atakuwa amechukua na mdomo wangu. Nilimtumia hela, mdomo sikumtumia. Mbuzi wa mtandaoni nikimtaka tena, nitamlipia nikiwa nimemshika pembe.

Juzi kaja binti ana hela ya friji, namba ya mtu binafsi kaiandika kiganjani, ana haraka. "Kaka wewe niwekee tu, mbona maneno mengi?" Nikamwambia hela ni yako, ukitaka nitaiweka, siwezi kukukatalia, ila kwanza kaa kwenye hicho kigoda nikuhadithie yaliyonipata. "Sina muda." Basi nenda kwa mwingine, mawakala wamejaa mtaa huu, mimi hapa sibonyezi kitu mpaka nimemaliza.

Akasonya, akaangalia jua, akakaa.