Lori Lisilokata Kushoto

Asubuhi ile niliondoka Mbeya mjini kwa sababu nilikuwa nimechoka kuamka mahali palepale. Sababu nyingine sikuwa nayo. Nilikuwa na begi, koti, na tabia iliyonitoa shule kabla ya wakati: nikiona watu wamezunguka kitu, sipiti mpaka nikijue. Pale Iyunga, kando ya barabara kuu, watu walikuwa wamezunguka lori.

Lilikuwa lori la Kiingereza, la zamani, lenye taa za duara kama miwani ya katekista. Lilikuwa limenyanyuliwa kwa jeki na magogo, halina hata gurudumu moja. Mwenyewe, muuza mitumba mwenye tumbo la heshima na shati la kuchomekea, alikuwa anatoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyafuata. Nilipomuuliza habari ya lori, alifurahi kupata msikilizaji.

Lori liliachwa na marehemu baba yao. Kaka zake wawili wa Mlandege, Iringa, walitaka kuwauzia watu wa chuma chakavu. Yeye, kitinda mimba, akakataa, wakabishana kwenye kundi la wasapu la ukoo hadi shangazi mmoja akajitoa. Mwisho kikao kikatoa neno: lori likiingia uani kwa baba siku ya Jumamosi, kabla ukoo haujakaa tena mchana, kwa injini yake yenyewe, litabaki. Likivutwa, au lisipofika, litakatwakatwa. Na Jumamosi ilikuwa kesho yake.

"Injini nzima," aliniambia. "Tatizo lake miguu."

Rimu za zamani zilikuwa za aina ile yenye pete ya chuma inayobana tairi. Pete ikichomoka wakati wa kujaza upepo, inaondoka na kichwa cha mtu. Kila fundi pancha wa Mbeya anamkumbuka mwenzake aliyekufa hivyo, ingawa hakuna anayekumbuka jina lake. Basi jamaa akanunua rimu za kisasa, pana, fupi, zinazometa, na matairi yake yasiyotumia mpira wa ndani. Matundu ya rimu hayakulingana na skrubu za lori, fundi akachonga sahani za chuma za kuyapatanisha.

Niliombwa nishike spana kidogo. Aliyeshika spana hupewa chai, na aliyekunywa chai hawezi kunyimwa siti. Hivyo ndivyo nilivyojua naenda Iringa.

Tulipomaliza kukaza nati, fundi akasema, "Mzee, tulishushe, tuzungushe usukani pande zote, tuone kama tairi haligusi popote."

Lakini mwinjilisti alikuwa ameshafika kuliombea lori, na alikuwa na nyumba mpya ya kubariki Uyole. Hakuweza kusubiri. Aliomba gurudumu kwa gurudumu, akaliita kila moja mtumishi, akaliombea hata lile la akiba, ambalo halikuwepo. Baada ya amina, fundi alipoirudia hoja yake, mwenye lori alimtazama kama mtu aliyependekeza kumfukua marehemu.

"Yameshaombewa," alisema. "Yakigusa, nani atayafungua?"

Fundi akapangusa mikono, akakusanya spana zake. Lori likaingia barabarani kwa kukata kulia, taratibu, watu wakapiga makofi.

Barabara kuu haina kona za kutisha, kwa hiyo tuliendelea kujidanganya kwa muda mrefu. Matairi yale yalikuwa madogo kuliko ya zamani, injini ikawa inapiga kelele bila kwenda kokote. Mshale wa mwendo ulionyesha themanini. Jamaa akaniambia niutazame, nikautazama, na wakati nautazama bajaji yenye mbuzi kiti cha nyuma ikatupita.

"Ana haraka ya kufa," alisema.

"Mbuzi ndiyo," nilimjibu.

Tulilala Makambako, ndani ya kichwa cha lori, magoti yetu yakigombea gia. Asubuhi tukafika Mafinga, akataka kuingia kituo cha mafuta, na kituo kilikuwa kushoto. Akakata. Tairi la mbele la kulia likajibanza kwenye chuma cha usukani, likalia kama nguruwe, moshi wa mpira ukaingia hadi puani. Lori likasimama, pua imeingia kituoni nusu, mgongo uko barabarani.

Madereva wa malori ya mbao walikuwa wanakunywa supu pembeni. Waliacha supu.

"Mzee," mmoja akamwita, "babu umemvalisha raba?"

"Raba zenyewe za kuazima," akasema mwingine.

Mmoja wao, aliyekuwa na huruma kidogo, alichungulia chini akasema dawa ipo: gurudumu lifunguliwe, sahani nene iongezwe, litoke nje. Kazi ya nusu siku. Jamaa alitazama saa, akasema yale maneno ya Iyunga, kwamba yameshaombewa. Kisha akaitazama saa tena. Kikao kilikuwa kinaanza mchana, na nusu siku hakuwa nayo.

Mafuta tuliletewa kwa dumu, kama mgonjwa anayelishwa kitandani. Jamaa alilirudisha lori nyuma, akalinyoosha, akaniambia, "Kijana, kuanzia hapa, kushoto hakupo."

Usidhani ni jambo dogo. Njia ya kupanda Iringa mjini, kwa mtu anayetoka Mafinga, iko kushoto. Tuliipita, tukageukia uwanja mpana upande wa kulia, tukairudia kama watu waliosahau kitu. Mjini aliendesha kwa kukwepa kila kona ya mkono ule. Nilianza kumheshimu, jambo ambalo sikulitarajia.

Nyumba ya baba yao ilikuwa kwenye kichochoro, na kichochoro kilikuwa kushoto. Ukoo mzima ulikuwa umesimama mdomoni pake, kaka wawili mbele wamekunja mikono. Jamaa akapiga honi, akawapungia mkono, akapita.

"Anakwenda wapi huyu?" nilisikia mama mmoja akiuliza.

"Maringo," akajibiwa. "Anatuzungushia."

Tukakata kulia, kulia, kulia tena, tukatokea mtaa unaotazamana na kichochoro. Tukavuka barabara moja kwa moja hadi uani. Injini ikazimwa ndani. Vigelegele vikapigwa, kamwene, salamu za Kihehe, zikatolewa kwa mikono miwili, shangazi aliyejitoa wasapu akalia akiegemea mlango wa dereva.

Kaka mkubwa akalizunguka lori, akagonga tairi kwa kiatu.

"Baba aliniambia hili ni langu," alisema.

"Alikuambia lini?" akauliza wa pili. "Utingo wake alikuwa nani, si mimi?"

Asubuhi lilikuwa chuma chakavu. Jioni haijafika, likawa urithi. Kikao kilifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, na katikati ya sala hizo ikaamuliwa kwamba lori litabaki, funguo zitakaa kwa kaka mkubwa ambaye Jumatatu ataanza kubebea mbao, na matairi, kwa kuwa yamefungwa kwenye mali ya ukoo, ni ya ukoo. Kitinda mimba apongezwe. Akapongezwa.

"Kaka," alisema akitoa funguo, "halikati kushoto."

"Usianze wivu, mdogo wangu."

"Nakwambia halikati. Muulize huyu kijana."

Kaka mkubwa akanitazama, koti langu, begi langu, akaona hakuna wa kuuliza.

Vyumba vilikuwa vimejaa wageni. Lori lilitafutiwa turubai jipya, likafunikwa vizuri dhidi ya umande. Sisi wawili tulielekezwa gesti, mtaa wa pili. Tulitembea, baridi ya Iringa ikituingia shingoni, na nilikuwa nimejiandaa kumpa pole.

"Limebaki," alisema ghafla, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshiba.

Mhudumu wa gesti, dada mwenye blanketi mabegani, akauliza tunakaa siku ngapi. Mwenzangu akasema moja, kesho anarudi kwenye mitumba yake. Mimi nikasema bado sijajua. Dada akanipa ufunguo wa chumba cha mwisho na blanketi la ziada, akaniambia mlango wake haufungiki mpaka uuinue kidogo.