Kabureta Kwenye Samli

Mama yangu anauamini moshi kuliko friji. Nyumbani kwetu Nyamwaga mbegu za mahindi hukaa darini juu ya jiko, dumuzi wasiziguse. Kwa hiyo alipoteremka ngazi na kibuyu cha mdomo mpana, nilijua ni mbegu. Nikachungulia. Ndani mlikuwa na samli iliyoganda, na katikati ya samli, kabureta.

Ilikuwa kabureta ya akiba ya pikipiki ya baba. Aliinunua Sirari zamani, vipuri vya toleo lile vilipoanza kuadimika. Kisha akagonga ng'ombe njiani, akavunjika nyonga, akakaa sana Mwanza kwa dada yangu akitibiwa. Sasa amerudi na mkongojo, na hatoki nje ya ua. Asubuhi hiyo aliniambia, "Mura, hebu kaiwashe pikipiki. Isipowaka, tafuta mteja." Alisema akitazama pembeni. Niliumia, maana baba bila pikipiki hafiki mnadani, na bila mnada hana hata la kusimulia.

Kabureta iliyokuwa kwenye pikipiki ilishaharibika. Hakuna aliyekumbuka kumwaga petroli. Ilikauka humo ndani ikaacha utando wa kahawia, mgumu, ukaziba vitundu vyote. Ikabaki ile ya kibuyuni.

"Mama, nani alikwambia chuma kinahifadhiwa kwenye samli?"

"Na wewe nani alikwambia hakihifadhiwi?"

Nikaamua kuhakikisha mwenyewe. Nikaifungua, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto. Samli ikaelea juu. Sehemu zake za shaba zilikuwa zinang'aa, kutu hakuna hata chembe! Ila pete ya mpira, inayozuia petroli kuvuja, ilikuwa imeinywa samli ikavimba, haiingii tena mahali pake.

"Mpira umeshiba, mama," nikamtania. Akanuna.

Pete ya kabureta mbovu ilikuwa bado nzima, nikaihamishia huku. Nikakausha kila kitu, nikasafisha kwa petroli, nikafunga. Nikapiga kiki mpaka jasho likanitoka. Pikipiki ikakohoa, ikazima, ikakohoa tena, ikawaka. Ua mzima ukanukia chapati.

Baba akatoka na mkongojo wake, akasimama akisikiliza. Mimi nilikuwa na swali moja limebaki. Tangu ile ajali mama alikuwa akiitukana pikipiki hiyo, akisema nusura imfanye mjane.

"Sasa mama, kama unaichukia hivyo, kipuri chake ulikitunzia nini?"

"Mbegu unaweka ya nini, kama hutegemei kupanda?" alinijibu kwa ukali, macho yamemlenga baba. "Watu walisema hatatembea. Mimi nikaweka."

Akapanda tena darini. Akashuka na kofia ngumu ya baba, nyeusi kwa masizi, akaipangusa kwa kanga yake.

"Mwanao atakupakia mpaka mnadani. Lakini hii unavaa."

Baba, ambaye hakuwahi kuivaa hata siku moja, aliinamisha kichwa afungwe mkanda.