Dobi wa Lindi na jina la mama yake

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Marietha Eusebio anafunua pasi ya mkaa, anapuliza, majivu yanamrukia usoni. Mbele yake kuna shuka kumi na nne za nyumba ya wageni. Zinatakiwa kabla ya saa tatu.

Nyuma yake, kitandani, mama yake, Bi Anjelina Andrea, anakosoa kazi.

"Pindo hilo limepinda."

"Mama, hata sufuria huioni, pindo umelionaje?"

"Naisikia pasi. Umeiburuza."

Marietha, mwenye miaka 60, amekuwa dobi mjini Lindi kwa miaka thelathini na mbili. Siku njema humwachia shilingi elfu tisa, mkaa ukishatolewa. Kwa hizo anamtunza mama, na kwa hizo hizo alianza kumtafuta babu.

Babu huyo, Andrea, alikuwa Mfaransa wa kisiwa cha Reunion, fundi wa mitambo katika shamba moja la mkonge. Alizaa na mwanamke wa Kimwera, kisha akaondoka wakati wa vita, Anjelina akiwa bado wa kubebwa begani. Hakurudi.

"Nguo zake zilinuka grisi," anasema Bi Anjelina. "Mpaka leo nikisikia harufu ya grisi barabarani, nageuka."

Andrea alipoondoka, watoto wa kambi ya shamba wakapata la kumwimbia Anjelina: "Mtoto wa Mfaransa alikufa, wewe umeazima jina!" Wakubwa hawakuwakemea. Mama yake Anjelina alifariki mapema, hakuwahi kumweleza. Bi Anjelina amezeeka na swali moja: yule aliyembeba begani alikuwa baba yake kweli?

Miaka miwili iliyopita Marietha alikwenda parokia alikobatizwa mama yake. Mzee Kornelio, mtunza vitabu vya ubatizo, akamfunulia ukurasa wa mwaka 1935: Anjelina, binti wa Andrea. Pembeni palikuwa na maneno mengine: alifariki akiwa na miezi minane.

"Nikaona mtoto wa Andrea ndiye huyo aliyekufa, mama ni wa mwingine," anasema Marietha. "Nikamwambia mama kitabu kimeliwa na mchwa. Sikuwa nimemdanganya tangu utoto wangu."

Uongo huo ulimkaa kifuani mpaka Machi mwaka huu, alipopeleka mapazia kwa Zaitunbai, mwenye duka la vitambaa. Zaitunbai alimtazama, akamvutia kiti, akammiminia chai ya maziwa. Kikombe kikaisha. Ndipo Marietha akalia, akasema yote.

Mama yake Zaitunbai alizaliwa Majunga, Madagaska, enzi za Wafaransa.

"Ulisoma ukurasa mmoja tu, Marietha?" alimwuliza. "Jirani wa mama yangu kule, Mfaransa, alizaa Luiza, mtoto akafa. Aliyefuata akaitwa Luiza vilevile. Hawakuacha jina lipotee. Rudi, bibi wee! Fungua mbele."

Akarudi. Kornelio alivaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, asubuhi nzima, bila kudai hata soda. Kwenye mwaka 1938 kidole kikasimama. Anjelina. Baba, Andrea. Mama, yule yule. Pembeni hapakuwa na kitu.

"Nisamehe, mwanangu," Kornelio alisema. "Nyumbani kwetu hatumpi mtoto jina la nduguye aliyekufa. Niliona kifo, nikafunga kitabu."

Nyumbani, Marietha aliungama kwanza uongo wake, kisha akasoma karatasi aliyomnakilia Kornelio. Bi Anjelina aliichukua karatasi, akaishika kwa mikono miwili.

"Kumbe waliimba kweli. Nimeazima." Halafu akaanza kucheka, machozi yakimtiririka. "Nimeazima kwa dada yangu. Na baba ni wangu!"

Masika ikiisha, bajaji itawapeleka kwenye makaburi ya lile shamba la mkonge. Kornelio ameahidi kuwaonyesha upande walikozikwa watoto. Zaitunbai ameshalipia msalaba wa mbao na hataki kushukuriwa.

Bi Anjelina, ambaye sasa anajua ana miaka 86, ameshapanga la kusema.

"Amelala pale karibu miaka tisini bila wa kumsalimia. Nitamwambia jina lake nimelitunza, sikulichafua."

Anapapasa ukingo wa kitanda.

"Ila nitaanza na shikamoo. Ana miezi minane, lakini ni mkubwa wangu."