Nilimwambia sindano iko ndani ya Penta

Wakuu, habari za siku.

Hii sikuisikia kwa mtu, imenitokea mwenyewe. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nasema yote. Jina la kituo tu ndilo nalihifadhi.

Mimi ni nesi huku Kongo, upande wa Kabambare, si mbali na Salamabila. Kijijini wananiita Docta. Sijawahi kuwasahihisha, jina lilikuwa tamu.

Kuna mama mmoja, tumwite Mama Zaina. Alienda Kasongo kumtolea dada yake damu. Wakampima, wakamkatalia: ana hepatitis B. Akarudi, na mimba yake ilipofika miezi saba akaja kwangu na ile karatasi.

Hakuwa na habari na nafsi yake. Alichotaka ni mtoto asiambukizwe.

Mume wake anauza vitenge, mizigo huifuata Bukavu.

"Docta, nimesikia iko sindano ya mutoto siku anazaliwa. Bwana yangu iko Bukavu. Nimuambie aitafute, ailete mu termos ya barafu?"

Nikacheka. Ndiyo wakuu, nilicheka.

"Mama, usijisumbue bure. Hepatite iko ndani ya Penta. Wiki ya sita utaleta mutoto, tutamuchoma, itaisha."

Kwa wasiojua, Penta ni chanjo moja yenye kinga tano, na ya hepatitis B kweli imo. Ndiyo maana nilijiamini.

Siku ya kujifungua aliniuliza tena. Nikamjibu vilevile, kwa ukali kidogo, nilikuwa nimechoka. Ramazani akazaliwa, mnene, kilio cha nguvu. Wiki ya sita nikamchoma, roho yangu ikatulia.

Mwaka na zaidi ukapita, nikaitwa semina Kasongo. Mkufunzi akauliza: mtoto wa mama mwenye hepatitis B apewe chanjo ya kwanza lini?

Nani aliwahi kunyoosha mkono? Mimi. "Wiki ya sita, ndani ya Penta!" Wenzangu wengi wakatikisa kichwa kukubali.

Mkufunzi akasema taratibu kwamba ni ndani ya saa ishirini na nne. Virusi humpata mtoto wakati wa kuzaliwa, na Penta ya wiki ya sita inaweza kukuta vimeshaingia. Chakula cha mchana sikukigusa.

Niliomba vipimo viwili, nikapanda pikipiki kurudi. Nikampima Ramazani kwa mkono wangu. Mistari miwili: virusi anavyo.

Nikamweleza mama yake kila kitu, kosa langu pia. Kwamba leo mtoto anacheza, lakini ugonjwa huu hula ini polepole, kwa miaka. Alimfunga mgongoni, kitenge kikamteleza mara mbili.

"Docta, mimi niliuliza."

Akaondoka. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa heshima. Ila Ramazani akipata homa, anampeleka kituo kingine, mwendo wa nusu siku.

Wahudumu wenzangu mliomo humu: mama akiuliza usilolijua, mwambie hujui, kisha utafute anayejua. Mimi niliogopa kuonekana sijui mbele ya muuza vitenge na mkewe. Majuto ni mjukuu.

Mwenye mtoto mwenye hali hii, niambie mnamfuatiliaje, bado nataka kumsaidia kwa mbali. Na wa kunitukana anitukane tu. Mama Zaina amekataa, labda ninyi mtanifanyia.