Mukaratusi Niliopima kwa Kivuli

Siku ya kwanza kazini, katika ofisi ya vipimo vya ardhi pale Bukavu, nilifika nimevaa abakosti ya kaka yangu, suti isiyo na tai, mikono yake imenifunika mpaka vidole. Ilikuwa enzi ya Zaïre, na hata chef de bureau, mukubwa wa ofisi, muzee mukali mwenye miwani, aliniita citoyen, yaani mwananchi, kama sheria ilivyotaka.

"Citoyen, iko njia mbili za kupima," akaniambia. "Ya kwanza, unagusa kitu kwa mètre, utepe wa kupimia. Ya pili ni ya kuzunguka: unapima kile unachofikia, na hesabu inakupeleka kwa kile usichofikia. Daktari anagonga kifua chako, anasikia mapafu bila kukupasua. Mwalimu wa hesabu anakubali uongo makusudi, anaufuata mpaka unajipinga wenyewe, ndipo ukweli unabaki. Sisi tunapima mulima tukiwa chini. Lakini kila mumoja wetu iko jambo analolikubali bila kulipima. Ulijue la kwako!"

Nikaitika ndiyo, ndiyo. Kijana akiitika haraka hivyo, ujue hajasikia kitu.

Miezi michache baadaye nilitumwa kwenye barabara inayotoka Bukavu kwenda Nyangezi. Barabara ilikuwa inapanuliwa, na mukaratusi mukubwa ulipaswa kukatwa. Upande wa juu kulipita waya za umeme, kwa hiyo ungeangushwa upande wa chini, ambako Maman Faida, mujane muuza maharage, alikuwa na jiko lake la mabati, kibanda anamopikia. Kazi yangu ilikuwa kusema kama muti utalifikia. Nilisimamisha fimbo ya mita moja barabarani, nikapima kivuli chake. Kisha nikapima kivuli cha muti, ambacho saa ile kilikuwa kinapanda mulima. Nikalinganisha vivuli viwili, hesabu ikatoa muti wa dix-huit mètres, mita kumi na nane. Mpaka jikoni ilikuwa vingt-deux, ishirini na mbili.

"Maman, pika tu maharage yako. Haitafika."

"Uko na hakika, mutoto wangu?"

"Maman, hii ni hesabu!"

Kesho yake asubuhi muti ulianguka, na ncha yake ikaponda jiko lote. Nilikimbia nikimwita, nikiamini nimeua mutu. Kumbe fimbo yangu ilisimama barabarani, mahali tambarare, lakini kivuli cha muti kilipanda muteremko, na kivuli kinachopanda kinakatika mapema, muti unaonekana mufupi. Sikuipima ardhi yenyewe. Tena katika Bukavu, ambako ukiangusha viazi unavifuata mpaka ziwani!

Mara Maman Faida akatokea kwenye migomba, amebeba sufuria.

"Maman, nani alikwambia utoke?"

"Hakuna mutu. Niliona wakataji wanabeba chakula yao, wanaipeleka mbali sana na pale ulisema muti utaishia. Na mimi nikabeba yangu."

Niliona haya mpaka machozi. Chef aliniamuru nijenge jiko lile upya kwa mikono yangu mwenyewe, nami nikalijenga.

Baadaye nilifanya kazi Shabunda, nikapima upana wa mito bila kuvuka, kisha Luvungi, ambako nchi imelala sawa na kivuli kinasema kweli. Sasa nimestaafu, na vijana wa ofisi wananisifu kwamba hesabu zangu hazikukosea tena. Hawajui kwamba kila mara kabla ya kutia sahihi nilimutafuta kwanza maman wa karibu, nikamuuliza: "Wewe, ungepika hapa?"